Jembe, nyumba na kivuli: uchaguzi wetu huamuliwa wapi?

Wadau, wikiendi iliyopita nilishuka nyumbani Misungwi. Kwa wasioijua, ni wilaya iliyomegwa kutoka Kwimba, iko kusini mwa jiji la Mwanza, barabara ya kwenda Shinyanga. Unapanda Hiace pale Buhongwa, mnabanana kama dagaa kwenye gunia, mnapita Usagara penye njia panda ya kwenda Kigongo kwenye lile daraja jipya la ziwani, na kabla hujamaliza kusoma gazeti la jirani yako umefika.

Nilienda kumsalimia babu mzaa mama. Nilikuwa na zawadi zangu za kawaida: sukari, majani ya chai na sato wawili. Sikujua kwamba nyumbani kuna mtu ananisubiri na kesi.

Mtu mwenyewe ni mdogo wangu wa kike, ana miaka 20. Hata maji ya kunywa sijamaliza akaniuliza: "Kaka, ile habari yako ya uchaguzi, uliyoandika wananchi wamejitokeza kwa wingi. Walijitokeza wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mwenzenu tarehe 29 Oktoba 2025 alikuwa na kadi yake ya kupigia kura, ya kwanza maishani, na hakwenda. Kadi anaitumia kama kitambulisho. Anasema kura yake ilikuwa imeshaamuliwa na watu asiowajua, mahali asipopajua, kwa hiyo kupanga foleni juani ilikuwa ni kumsindikiza mwenye harusi.

Nilitaka kumjibu kwa yale maneno tuliyofundishwa chuo kuhusu haki na wajibu wa raia. Babu akanikatiza. Akaingia ndani, akatoka na kopo la zamani la maziwa ya unga, ndani yake mna kadi. Ya TANU, ya CCM, ya chama cha ushirika wa pamba, na za kupigia kura. Mzee ana miaka 82. Alipiga kura ya kwanza mwaka 1965, na tangu hapo hajakosa hata moja. Akamwambia mjukuu wake: "Kaa chini. Swali lako ni zuri, lakini umechelewa kuliuliza miaka mingi."

Haya, sasa tuje kwenye mada. Nimeongea na mzee siku mbili, nimerudi mjini nikachimba vitabu, na nimeona jambo moja ambalo naomba tulijadili. Sisi tukisema uchaguzi tunafikiria siku ile ya kutumbukiza karatasi kwenye sanduku. Lakini historia yetu inaonyesha matokeo huamuliwa kwenye milango minne: nani anaruhusiwa kupiga kura, nani anaruhusiwa kugombea, nani anahesabu na kutangaza, na ukionewa unalalamika kwa nani. Sanduku liko katikati ya milango hiyo. Ukifunga mmoja tu, sanduku linabaki kuwa fanicha.

Tuanze na mlango wa kwanza. Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kutosha, au cheo kinachotambulika. Nchi ya mamilioni ya watu, waliojiandikisha hawakufika hata laki moja! Halafu ukishaingia chumbani unapiga kura tatu kwa lazima: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Mkoloni alidhani amefunga hesabu. TANU ilikaa Tabora Januari 1958, ikagombana vya kutosha, na Nyerere akawashawishi waingie hivyo hivyo kwenye kura tatu. Zuberi Mtemvu akakasirika, akaenda kuanzisha ANC yake. Lakini wagombea walioungwa mkono na TANU, weusi kwa weupe, ndio walioshinda. Mlango ulikuwa umefungwa, wao wakapitia dirishani.

Na sisi watu wa Usukuma tujikumbushe jambo. Kuanzia 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni ilikuwa imeinyima TANU ruhusa ya kufanya kazi huku kwetu. Siasa ikahamia kwenye pamba. Vyama vya ushirika vya wakulima, chini ya kijana wa wakati ule aitwaye Paul Bomani, vikawa shule ya siasa. Mtu aliyekuja kupima pamba yako ndiye aliyekwambia habari za uhuru. Msiache kumkumbuka Bomani, nitamrudia.

Mlango wa pili, nani agombee. Agosti 1960 kulikuwa na viti 71. TANU ilipata 70. Hapo utasema, kishindo! Lakini viti 58 kati ya hivyo mgombea alipita bila kupingwa. Wananchi wa majimbo hayo hawakupiga kura yoyote. Kiti kimoja kilichoiponyoka TANU kilikuwa Mbulu, alichukua Herman Sarwatt kama mgombea binafsi, na yeye mwenyewe alikuwa mwana TANU aliyekataliwa na wakubwa. Kwa hiyo neno "kupita bila kupingwa" si la juzi. Ni la zamani kuliko bendera yetu. Novemba 1962 tukamchagua rais wa kwanza, Nyerere akapata zaidi ya asilimia 98, Mtemvu akaambulia kura kama elfu 21 hivi.

Halafu ikaja 1965, na hapa ndipo mzee anapochangamka.

Chama kilikuwa kimoja kwa mujibu wa sheria. Lakini kila jimbo liliwekewa wagombea wawili, wote wa TANU. Wajumbe wa wilaya walipiga kura za maoni, makao makuu yakachuja. Wagombea walitembea pamoja, wakasimama jukwaa moja, kampeni kwa Kiswahili tu, marufuku kugusa dini, kabila au rangi. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa alama. Mmoja jembe, mwingine nyumba.

"Mwenye jembe alikuwa ameshatangulia hatua tatu," mzee anasema. "Huku nani ana ugomvi na jembe?" Mwenye nyumba naye hakukubali kirahisi. Alisimama akawauliza watu, mkishalima mtalala wapi? Mzee anacheka mpaka anakohoa.

Kwa rais ilikuwa tofauti. Karatasi ilikuwa na picha ya Mwalimu upande mmoja, na upande mwingine kivuli cheusi. Picha ni ndiyo, kivuli ni hapana. Kivuli hakikuwa na ilani, hakikuwa na wakala wala mkutano wa kampeni. Mwalimu alipata zaidi ya asilimia 96.

Vijana wengi tunasoma habari hizi tunacheka, tunasema yale yalikuwa maigizo. Nami nilidhani hivyo. Lakini sikilizeni: katika uchaguzi huo huo, ndani ya chama kimoja, mawaziri wawili walianguka. Mmoja wao alikuwa Paul Bomani. Ndiyo, yule yule wa ushirika, waziri wa fedha, jina kubwa kuliko yote Kanda ya Ziwa, akaangushwa hapa hapa Mwanza na wakulima aliowaunganisha mwenyewe! Kisha akarudi bungeni kwa njia ya uteuzi na uwaziri ukaendelea. Wananchi walimtoa kwa mlango wa mbele, akaingia kwa mlango wa nyuma. Lakini walimtoa. Mzee anasema siku ile watu walitembea wakijiangalia vidole, hawaamini kwamba kidole cha mkulima kinaweza kumgusa waziri.

Mdogo wangu akauliza: "Kwa hiyo babu, unataka turudi chama kimoja?" Mzee akakasirika. "Sikusema hivyo. Nimesema hata kipindi kile kulikuwa na ufa wa mwanga. Sasa hivi mnaziba hata ufa."

Tuvuke bahari kidogo, maana wenzetu wa Zanzibar ndio walimu wa somo hili, na ada waliyolipa ni kubwa. Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. Moja! Matokeo ya nchi yakawa sare, wakarudia Juni, na fujo zikaua watu 68. Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Mipaka ya majimbo iliamua kwamba wengi ni wachache. Miezi sita baadaye, Januari 1964, yakatokea mapinduzi. Sisemi ni sababu pekee, historia haina sababu moja. Ila mtu aliyeshinda kura akashindwa uchaguzi huwa hasahau.

Turudi bara. Tume ya Jaji Nyalali ya mwaka 1991 iliwauliza Watanzania, na karibu asilimia 80 wakasema tubaki na chama kimoja. Tume ikashauri tuende vyama vingi, na kuanzia Julai 1992 tukaenda. Tukafungua mlango wa wagombea nusu, maana mgombea binafsi alibaki nje. Marehemu Mchungaji Mtikila alishinda kesi ya jambo hilo Mahakama Kuu zaidi ya mara moja, akashinda hata Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2013. Herman Sarwatt wa 1960, chini ya mkoloni, aliruhusiwa kitu ambacho mjukuu wake miaka ya vyama vingi alikatazwa. Hebu litafakarini hilo.

Sasa mlango wa tatu, nani ahesabu na kutangaza. Oktoba 1995 Zanzibar ilitangaziwa Salmin Amour kura 165,271 na Seif Sharif Hamad kura 163,706. Tofauti haijazi hata uwanja wa mpira wa wilaya. Oktoba 2015 ikawa zaidi ya hapo: mwenyekiti wa tume Jecha Salim Jecha akafuta uchaguzi wote, ukarudiwa Machi 2016 huku CUF ikiususia, na Shein akapata zaidi ya asilimia 91. Huku bara wasimamizi wa uchaguzi majimboni walikuwa wakurugenzi wa halmashauri, watu wanaoteuliwa na rais ambaye naye ni mgombea. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema hilo si sawa kikatiba, Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua.

Mwanza tunaujua mlango huu vizuri. Mwaka 2010 nilikuwa na miaka 11. Ezekia Wenje wa CHADEMA alimwangusha Lawrence Masha, waziri wa mambo ya ndani, pale Nyamagana, na Highness Kiwia akamwangusha Antony Diallo pale Ilemela. Nakumbuka mjomba alirudi nyumbani macho mekundu, hajalala, sauti imekauka. Alikuwa analinda kura. Siku ile Mwanza iliamini kwamba kura ikilindwa inakaa. Lakini nchi nzima mwaka huo waliopiga kura hawakufika asilimia 43 ya waliojiandikisha, wakati 2005 walikuwa zaidi ya 70. Wachache waliamini, wengi walishaanza kukata tamaa.

Mwaka 2015 ikaja kesi ya mita 200. Wapinzani walisema watu wakishapiga kura wakae mbali kidogo na kituo walinde. Serikali ikasema nendeni nyumbani. Siku mbili kabla ya kura Mahakama Kuu ikasema hakuna kukaa ndani ya mita hizo 200. Kura zile John Magufuli, mtoto wa Chato ng'ambo ya ziwa, alipata asilimia 58, Lowassa karibu 40. Ulikuwa ushindani mkali kuliko wote tangu vyama vingi virudi. Miaka mitano baadaye, 2020, asilimia zikawa 84, bunge likabaki bila upinzani wa maana, na tukasikia tena ule wimbo wa 1960, wa kupita bila kupingwa.

Na 2025 nyote mnaijua. CHADEMA waliondolewa Aprili kwa kutosaini kanuni za maadili. Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo, mtoto wa Usukuma, alienguliwa, mahakama ikamrudisha, tume ikamwengua tena. Siku ya kura intaneti ikazimwa, watu wakaingia barabarani, Mwanza ikiwemo, damu ikamwagika na idadi ya waliokufa ikawa mabishano. Tume ikatangaza asilimia 97.66 kwa Rais Samia, na waliojitokeza asilimia 87. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walisema haukufikia viwango.

Mzee aliponisikia nikitaja ile 97 alitikisa kichwa. "Hiyo namba naifahamu. Ni ya 1965. Lakini sisi tulikuwa na kivuli. Asiyetaka alikuwa na pa kuweka alama."

Mlango wa nne ni mfupi kuueleza. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema tume ikishatangaza mshindi wa urais, hakuna mahakama yoyote itakayochunguza. Basi, mjadala umefungwa. Mahakama ya Afrika ilisema mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka haki za raia. Uchaguzi wa 2025 ulifanyika ikiwa bado ipo.

Tuwaangalie majirani. Mwaka 2007 Kenya walitangaziwa rais, na siku chache baadaye mwenyekiti wa tume mwenyewe, marehemu Samuel Kivuitu, akasema hajui kama Kibaki ndiye aliyeshinda. Zaidi ya watu 1,000 walikufa. Hawa ni watu waliopitia mlolongo wa 1988, ambapo mpiga kura alijipanga nyuma ya mgombea hadharani, na mstari mfupi ukaweza kutangazwa mshindi. Lakini walijifunza. Waliandika katiba mpya 2010. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, na mwaka 2022 fomu ya kila kituo, ile 34A, iliwekwa kwenye mtandao na mtu yeyote mwenye simu angeweza kujumlisha. Malawi nao walifuta matokeo Februari 2020, wakarudia Juni, na mpinzani akashinda. Kenya si peponi, marudio ya 2017 Raila aliyasusia na lawama hazikuisha. Ila mwenye kinyongo alikuwa na mlango wa kugonga kabla ya kuokota jiwe.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Tunapoteza muda kubishana nani alishinda. Tubishane milango. Mgombea binafsi aruhusiwe. Anayesimamia uchaguzi asiteuliwe na mgombea. Kubadilisha jina la tume kuwa Tume Huru, kama ilivyofanyika 2024, hakutoshi, kwani hata mimi nikijiita tajiri mwenye nyumba bado anadai kodi. Fomu za kila kituo ziwekwe hadharani nchi nzima. Na 41(7) iondoke, rais ashitakiwe kama anavyoshitakiwa mbunge. Haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu aliye ndani akubali kwamba siku moja anaweza kuwa nje.

Najua mtaniambia haya ni ya wanasiasa na wanasheria. Hapana. Kuna mlango wa tano sikuutaja, na huo ni wa kwetu waandishi. Narudi kwenye kesi ya mdogo wangu.

Siku ile ya Oktoba nilizunguka vituo vitano. Notibuku yangu ninayo hadi leo. Vituo vitatu havikuwa na foleni yoyote, cha nne kulikuwa na watu wa kuhesabu kwa vidole, cha tano kilikuwa na watu wa kutosha, wengi wao wazee. Mchana nikapokea simu kutoka chumba cha habari: andika wananchi wamejitokeza kwa wingi, watu wengine wote wameandika hivyo. Nikaandika. Sikupigwa, sikutishwa na mtu. Nilikuwa naogopa tu, na nilikuwa nataka kazi yangu. Sentensi moja, maneno manne, jina langu juu yake.

Nilimsomea mdogo wangu notibuku pale pale kwa babu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Sasa kama wewe uliyeona uliandika usichokiona, mimi ningeenda kumpigia nani?"

Sikuwa na jibu wadau, na bado sina lote. Nilichoweza ni kumwambia nitaiandika notibuku hii mahali ambapo hakuna mtu wa kunipigia simu, na nimeiandika. Uchaguzi ujao sentensi ile sitaiandika tena, hata wakinirudisha Misungwi kulima pamba.

Asubuhi ya Jumatatu mzee alinisindikiza mpaka barabarani, kopo lake la kadi kaliacha kwa mdogo wangu. Sijui binti atalifanyia nini. Nilipomuaga nilimuuliza mzee kwa nini yeye bado anakwenda kupiga kura. Akasema: "Mimi nilimwona waziri akianguka. Ninyi bado hamjaona. Msiache kwenda kabla hamjaona."

Hiace ikaja. Nawasilisha.